Mwiba wa Lori la Pua Bapa

Mpaka leo nikiona chuma kimechomoza mbele ya gari, hata kama ni kijiti tu cha kufungia bendera, siwezi kukitazama. Watu wa nyumbani kwangu wamenizoea. Wanajua nitatema mate, nitageukia upande wa pili, na wakiniuliza nitasema ni vumbi. Si vumbi. Ni Sumbawanga ya miaka ile ya ujamaa, na mwiba uliofungwa mbele ya lori la yadi yetu kwa heshima ya elimu yangu.

Maana mimi nilisomea mwiba. Sifanyi mzaha. Nilipelekwa nchi ya baridi kwa fedha za umma, na huko nikaangukia mikononi mwa profesa ambaye ndege za kawaida zilimchosha. Yeye alishughulika na vyombo vinavyorudi duniani kutoka juu kabisa, vinavyoipasua hewa kwa mwendo unaoizidi sauti mara nyingi. Vyombo hivyo havina pua kali. Vina pua butu, ya mviringo, kama kitako cha mtungi, kwa sababu pua kali ingeyeyuka. Hewa iliyo mbele hupata habari ya kinachokuja kwa njia ya sauti. Kikija chombo kinachoishinda sauti, hewa haina habari mpaka kimeshaifikia. Inashtukizwa, inabanwa, inarundikana mbele ya ile pua na kufanya ukuta mkali unaoitwa wimbi la mshtuko. Pua butu huusukuma ukuta huo mbali kidogo na ngozi yake, na sehemu kubwa ya moto inapita pembeni. Hiyo ndiyo faida. Hasara ni kwamba chombo kinabaki kusukumana na mzigo mkubwa mno wa hewa, na mzigo huo sisi tuliuita ukinzani.

Kazi yangu ilikuwa kuchomeka mwiba mwembamba katikati ya pua ile na kutazama kitakachotokea. Ncha ya mwiba inatangulia kuivunja hewa. Ukuta mnene unageuka kuwa mwembamba na kulala upande, na nyuma yake, kuuzunguka mwiba, hewa inalegea na kubaki ikijizungusha palepale, ikiifunika pua. Ukinzani unashuka, wakati mwingine kwa nusu. Lakini mwiba una vituko vyake. Ukiwa mfupi kupita kiasi, hewa inaanza kupwita, inajaa na kumwagika, inajaa na kumwagika, na chombo kinatetemeka vibaya. Tena pale ile hewa iliyolegea inaporudi kugusa mabega ya chombo, moto unakuwa mkali kuliko kama usingeweka mwiba kabisa. Nilikaa miaka na mambo haya, mbele ya bomba la upepo lililonguruma kwa nukta chache tu na kunyamaza, na kielelezo cha chuma kisichozidi ukubwa wa pera. Nilikipenda kile kichuma. Sijapata kupenda kazi nyingine namna ile.

Niliporudi nikapangiwa Sumbawanga, kusimamia magari ya yadi moja ya mkoa.

Kwetu ni Mbeya, kwa hiyo baridi ya Ufipa haikunitisha. Nilipanga chumba mtaa wa Mazwi, nikanunua blanketi la pili, nikazoea kuamka na kukuta upepo wa nyanda za juu umeshaingia chini ya mlango na kutandaza vumbi jekundu juu ya vyombo. Yadi yenyewe ilikuwa uwanja wa matope na mafuta machafu, magari mengi yamekaa juu ya magogo, kuku wametaga ndani ya viti. Sikulalamika. Nchi ilikuwa changa, vipuri havikuwepo, na mimi nilikuwa na mikono. Lori moja tu lilikuwa zima kwelikweli, lori kubwa la pua bapa, lile ambalo dereva anakaa mbele kabisa, miguu yake ikiwa nyuma tu ya bati. Ndilo lililopeleka mahindi na maharage ya vijiji mpaka Kasanga ziwani, na kurudi na chochote kilichopatikana.

Dereva wake alikuwa Mfipa mtu mzima, umri wa baba yangu. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo mzee, naye akaitikia marahaba mwanangu, kisha akaniita Injinia mbele ya wengine ili wasinione mtoto. Aliendesha akiwa amevaa koti la sufu, majira yote. Alikaa nyumba ya serikali na mkewe na wajukuu, na alikuwa amebakiza muda mfupi tu astaafu. Jambo alilojivunia, na alilisema hata usipomuuliza, ni kwamba katika miaka yake yote ya usukani hakuna aliyewahi kumwita mwizi. Kwa dereva wa lori la serikali, wakati dizeli imekuwa adimu kuliko sukari, hilo halikuwa neno dogo.

Mafuta yalipozidi kuadimika ikaundwa kamati ya kubana mafuta. Mwenyekiti wake nitamweleza kwa ufupi, maana nikimweleza kwa kirefu sitakula leo. Alikuwa na mikono yenye unyevu. Alikupa mkono na kuung'ang'ania, anakupapasa kiganja huku akisema ndugu, ndugu, na mkono wa pili umeshika njiti ya kiberiti anayochokolea meno. Alichokitoa alikitazama, kisha akakirudisha mdomoni. Nilijifunza kuingia mikutanoni nimebeba spana kwa mkono wa kulia, nipate sababu ya kutompa mkono.

Siku ya darasa la siasa akanisimamisha mbele ya wafanyakazi wote.

"Ndugu Injinia," akasema, "wakulima wamevuja jasho, wakakusomesha. Tueleze basi ulichosoma, kwa lugha ya mkulima."

Nilifurahi, na furaha hiyo inanitia kinyaa hata sasa. Toka nirudi hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nikachukua chaki, nikachora pua butu, nikachora mwiba, nikaeleza ukuta wa hewa na jinsi unavyolala upande, na jinsi mwiba mfupi unavyokitetemesha chombo. Niliposema ukinzani unaweza kushuka kwa nusu, watu wakaguna kwa mshangao. Mwenyekiti akaacha kuchokoa meno.

"Lori letu nalo lina pua butu," akasema.

Nikacheka, nikidhani anatania. Kisha nikaona hatanii, nikaeleza upya, taratibu. Nikawaambia haya ni ya vyombo vinavyoishinda sauti. Nikawauliza: lori letu likiwa bado nyuma ya kilima, hamlisikii kabla hamjaliona? Wakasema tunalisikia. Basi, nikasema, hewa nayo imeshalisikia, imeshaanza kujipisha. Mwiba hauna habari ya kuipelekea. Hapo mbele hakuna ukuta wa kuuvunja.

"Kwani upepo wa Ulaya na upepo wa Ufipa ni tofauti?" mwenyekiti akauliza, akiwageukia wenzake.

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Upepo ni upepo, Ndugu Injinia. Usitufiche elimu tuliyoilipia."

Likaletwa azimio palepale: lori lifungwe mwiba, na mwiba huo ufuliwe na mhunzi wa Kifipa, kwa kuwa watu wa Ufipa walikuwa wakiyeyusha chuma chao wenyewe kwenye matanuru marefu ya udongo zamani sana, kabla hajafika mtu wa kuwafundisha. Akili yetu, chuma chetu. Nani angepinga maneno mazuri kama hayo? Makofi yakapigwa, likapita kwa kauli moja, na mimi nikiwa nimesimama na chaki mkononi nikahesabiwa ndani ya hiyo kauli moja. Ilikuwa desturi ya mikutano yetu, na sidhani watu wa leo wanaielewa. Azimio likishapita halijadiliwi tena. Kinachojadiliwa ni utekelezaji. Ukisema azimio ni kosa, wewe ni adui. Ukisema utekelezaji umelegea, wewe ni mwenzetu.

Tulikwenda kwa mhunzi, kijiji kimoja nje ya mji. Karibu na kibanda chake lilisimama tanuru la wahenga, refu kuliko mtu, limeota nyasi, na mwenyekiti akalipiga kofi kama anayempongeza ng'ombe. Mhunzi akamwambia wazi kwamba tanuru lile halijawashwa tangu yeye hajazaliwa, na kwamba yeye hufua majembe kwa springi za magari mabovu. Mwenyekiti akasema hiyo si hoja. Basi chuma chetu kikawa ekseli kuukuu niliyoitoa mimi yadini. Mhunzi akaifua siku nzima, akaichonga ncha, kisha akauliza, "Huu ni wa kumchoma nani?" Alipoambiwa ni wa kuchoma upepo, alitutazama mmoja mmoja, akaomba sukari, akapewa, akaingia ndani.

Mwiba ulikuwa mrefu kuliko mkono wa mtu mzima. Azimio lilisema ukae katikati ya pua, lakini katikati palikuwa na bati laini na rejeta nyuma yake, na vijiti vya kuchomelea vilikuwa vimekwisha. Ukafungwa kwa bolti pale penye chuma kigumu cha kukokotea, upande wa kulia. Upande wa dereva. Nikasema hapana, si hapo, magoti ya mzee yako nyuma yake. Mwenyekiti akanisifu mbele ya watu kwa kushiriki katika utekelezaji, akaniambia jambo hilo litaangaliwa awamu ya pili. Jioni ile nilinawa mikono kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikawasha.

Safari ya majaribio ilikuwa ya Matai. Mwenyekiti alipanda mbele na dereva, mimi nikapanda nyuma juu ya magunia na wajumbe wengine wa kamati, walioimba njia nzima hata mlio wa injini usisikike. Ilikuwa asubuhi nzuri, tambarare imenyooka, ng'ombe wa jembe wanavuta, mawingu yamekaa chini. Kabla ya kufika Matai kuku mweupe akavuka barabara na mwiba ukampata. Hakuanguka. Alibaki pale pale mbele, amepitiwa ubavuni, anapigapiga mabawa, na wajumbe wakasimama juu ya magunia kumtazama na kushangilia kana kwamba ni goli. Lori halikusimama mpaka sokoni. Mwenyekiti alishuka, akamchomoa kwa mikono yake, akasema mwiba umeshaanza kuleta faida kwa umma. Wakamchoma kuku yule kwenye kibanda cha nyama na kumla kwa chumvi na pilipili. Nilipewa paja. Damu ilikuwa imeshakauka kwenye chuma, nzi wameijaza ncha nyeusi tititi, na mtu ananiambia kula, Injinia, hii ni kazi yako. Nilikwenda nyuma ya kibanda, nikalitupia mbwa.

Tuliporudi yadini kijiti cha kupimia mafuta kilitumbukizwa kwenye tangi mbele ya watu wote. Lori lilikuwa limetumia mafuta kidogo kuliko kawaida, kidogo kwa namna ambayo kila mtu aliiona. Watu wakapiga vigelegele. Mwenyekiti akanikumbatia, na unyevu wa shati lake ukapita mpaka kwenye langu.

Mimi nilijua haiwezekani. Nikamsubiri dereva mpaka wengine wameondoka, nikamkuta anafuta vioo.

"Mzee," nikamwambia, "umefanyaje?"

Akaendelea kufuta. "Mwiba wako, mwanangu."

"Mzee."

Akashusha kitambaa. Akanieleza kwa sauti ya chini, bila kuona haya wala kujisifu. Kila penye mteremko alikuwa ameweka gia nyutro na kuzima injini, akaliachia lori liteleze lenyewe. Penye mteremko mdogo, penye mteremko mkubwa, popote. Mwenyekiti, kwa kuwa hakuwa na habari yoyote ya magari, alikuwa amekaa ubavuni mwake na kusema, unasikia jinsi mwiba unavyotuliza upepo?

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Jana alikuja kwangu nyumbani. Alikaa, akanywa chai yangu. Akaniambia, mzee, azimio limeshapita, mwiba lazima ubane mafuta. Sasa lori likirudi limekula yaleyale, watu watauliza yamekwenda wapi. Watasema dereva anauza." Akakikung'uta kitambaa. "Alilisema neno hilo mbele ya mke wangu, Injinia. Mbele ya wajukuu."

Basi ikawa hivyo. Kama mwiba haufanyi kazi, mzee ni mwizi. Nilikwenda kwa mwenyekiti asubuhi iliyofuata nikiwa sijala, nikamwomba jambo dogo: lori liende Matai mara mbili, mara moja na mwiba, mara moja bila mwiba, injini isizimwe hata kidogo, na mimi mwenyewe nikae mbele. Alinisikiliza kwa upole huku akitafuna karanga na kutema maganda kwenye kiganja.

"Ndugu Injinia," akasema, "unataka kulipima azimio?"

"Nataka kuupima mwiba."

"Mwiba ni azimio." Akayaweka maganda mezani, karibu na mkono wangu. "Elimu yako imefanikiwa, lakini wewe huitaki. Vijana mliosoma nje mna ugonjwa. Mnachukia kitu kikishafanywa na mwananchi."

Nikamwambia kuhusu kuzima injini. Nikamwambia lori lile lina breki za upepo, na upepo huo unajazwa na injini. Injini ikizimwa, kila ukikanyaga breki unatumia akiba, na akiba ikiisha unakanyaga chuma kitupu. Njia ya Matai ina miteremko mifupi tu, utasalimika. Njia ya kuteremka Kasanga ni mteremko mmoja mrefu. Alitikisa kichwa kwa huzuni, akasema hajaona mtu anayemsingizia mzee wa watu namna ile, na kwamba nikiendelea atalazimika kumwita dereva aulizwe mbele ya kamati kama ni kweli anazima injini kinyume cha taratibu. Akanitazama kuona kama nimeelewa. Nilielewa. Angeulizwa, na jibu lolote ambalo angelitoa lingekuwa kosa lake.

Niliuchukia uso ule. Nilichukia zile karanga, mate yale, ile sauti ya upole. Niliwachukia pia wenzangu wa yadi waliojua magari kama mimi na waliopiga makofi kwa kuwa wengine walipiga. Mmoja wao, fundi mzuri tu, aliniambia pembeni kwamba hata yeye anaona mwiba ni upuuzi, lakini utamdhuru nani? Upuuzi usiodhuru mtu, akasema, ni wa kuvumilia. Nikaona heri yule mwenyekiti.

Safari ya Kasanga ilipangwa. Lori likajazwa mahindi mpaka juu, kamba zikakazwa. Alfajiri ile nilikwenda yadini kabla ya wote, nimejitanda blanketi, nikamkuta dereva anawasha moto chini ya tangi kuyalegeza mafuta kwa ajili ya baridi.

"Mzee, shuka Kasanga na gia. Gia ya chini, injini ikiunguruma. Nakuomba."

"Mafuta je?"

"Yakizidi nitasema ni mimi. Nitasema niliyamwaga wakati wa kupima."

Alicheka, akanishika bega. "Watasema tunauza wote wawili." Kisha akaona uso wangu, akaongeza, "Nitaona, mwanangu. Ule mteremko naujua, nimeuteremka kabla hujaota meno. Nikifika pabaya nitawasha."

Aliondoka. Mwiba ulitangulia mbele yake kwenye ukungu, umepakwa rangi ya kijani kwa agizo la kamati.

Habari zilifika mchana, na mimi nikaenda na gari dogo kumwokoa mzee na mzigo. Waliokuwa wameona ni wanawake waliokuwa wakipanda kutoka ziwani na vikapu vya dagaa kichwani. Walisema walishangaa kuona lori kubwa linakuja bila mlio. Wamezoea kulisikia mbali na kupanda ukingoni. Siku ile hawakusikia chochote mpaka limewatokea kwenye kona, linateleza, na dereva amesimama juu ya breki, mdomo wazi. Alikuwa anajaribu kuwasha, injini inakataa, gia inakataa. Upande wa kushoto palikuwa na korongo. Mbele palikuwa na wao. Akalikata lori kulia, akaligonga kwenye ukuta wa mlima.

Mwiba uligonga kwanza. Haukupinda, maana mhunzi alikuwa ameufua vizuri. Bolti zilikatika, na chuma kikarudi nyuma kupitia bati kama kinapita kwenye karatasi, kikaingia penye goti la kulia na kutokea chini ya kiti. Nilipofika walikuwa wameshamtoa. Wanawake walimfunga kwa khanga, wakamlaza kwenye majani. Alikuwa hai, uso umekuwa wa majivu, anauliza kama kuna mama yeyote ameumia. Hakuna aliyeumia. Nilipanda ndani ya lori kuutazama mwiba. Kwenye rangi ya kijani palikuwa na kitambaa cha suruali na kitu kingine nisichotaka kukitaja, na dagaa waliomwagika toka vikapuni walikuwa wamesambaa barabarani, wanaoza juani pamoja na mahindi, na ile harufu ya samaki, dizeli na damu iliingia kooni mwangu na sidhani imewahi kutoka. Nilitapika juu ya usukani.

Mwenyekiti alifika jioni kwa gari la ofisi nyingine. Alisimama barabarani, njiti mdomoni, akalitazama lori.

"Mwiba umepona?" akauliza.

Hospitali ya Sumbawanga walimkata mguu mzee juu ya goti. Kamati ilikaa wiki ileile. Nilikwenda, nikasimama, nikasema kila kitu: injini, breki, mahali mwiba ulipofungwa, karanga, kila kitu, kwa sauti kubwa kiasi kwamba watu walichungulia madirishani. Wakanisikiliza mpaka mwisho. Kisha mjumbe mmoja akasema ajali imetokana na utekelezaji. Mwingine akakumbusha kwamba Injinia mwenyewe, kwa kinywa chake, alisema mwiba ukiwa mfupi chombo hutetemeka vibaya. Je, si ndivyo alivyosema? Wote wakakubali kwamba ndivyo. Ikaazimiwa mwiba unaofuata uwe mrefu zaidi, na mimi nikatakiwa kutaja urefu unaofaa. Makofi yakapigwa. Nikatoka nje bila kuomba ruhusa, na hilo nalo likajadiliwa.

Sikutaja urefu wowote. Nilikwenda hospitali. Mzee alikuwa amelala kitanda cha dirishani, koti lake la sufu limetandikwa juu ya blanketi, na pale ambapo mguu ungekuwa blanketi lilikuwa limelala bapa. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba kama kawaida. Tukazungumza habari za mvua, tukazungumza habari za mkewe aliyekwenda kuchukua chakula. Hakulalamika. Mwisho akanisogeza karibu kwa mkono.

"Mwanangu," akasema, "wewe umesoma. Mimi najua nilikuwa nazima injini. Mafuta mengi niliyabana mimi, hilo silikatai. Lakini na wenyewe mwiba ulikuwa unasaidia, siyo? Kidogo?"

Nilimtazama. Huyu ndiye mtu pekee duniani aliyejua kama mimi, tena aliyejua kabla yangu, kwa mikono yake.

"Hapana, mzee."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Aligeuza uso dirishani. Kisha akasema, bila kugeuka, "Basi mama asijue. Ameshawaambia wajukuu kwamba mguu wa babu yao umekwenda kwenye kazi ya taifa. Usije ukamwambia vingine, nakuomba."

Mkewe akaingia wakati huohuo na chupa ya uji wa ulezi. Aliponiona akaiweka chini, akapiga goti kidogo kama wafanyavyo Wafipa kwa mtu wa heshima, mimi niliye sawa na mwanawe, akanishukuru. Mwenyekiti alikuwa amemweleza, alisema, kwamba bila ule mwiba wangu kutangulia kugonga mlima, mumewe angekufa. Akamimina kikombe cha kwanza, akanipa mimi kwa mikono miwili. Mzee alikuwa amegeuka, ananitazama. Nikaupokea uji, nikasema asante mama, nikanywa mpaka chini. Ulikuwa mtamu, umetiwa sukari ambayo sijui aliitoa wapi. Akaniuliza kama aniongeze.